Mwezi Ukipita Pembezoni mwa Kivuli

Usiku wa Jumamosi, Februari 20, 2027, kuamkia Jumapili, mwezi mpevu utapatwa juu ya Kigali na wakazi wengi wa jiji hawatajua. Utaanza kuingia kivulini saa 5:12 usiku, utafika kina chake saa 7:13, kisha utatoka saa 9:14, wakati wa daku. Ramadhani ya mwaka huo inatarajiwa kuanza Februari 8 hivi, kwa hiyo utakuwa mwezi wa kumi na nne hasa, na mitaa ya Biryogo na Nyamirambo itakuwa macho. Watu watakuwa nje, mwezi utakuwa juu sana, na mawingu yakijalia hakutakuwa na kizuizi chochote. Hata hivyo mtu anaweza kuutazama mara tatu akaapa kwamba hakuna kilichotokea.

Aina hii ya kupatwa, ambako mwezi hupita pembezoni tu mwa kivuli cha dunia, imedharauliwa mno. Redioni hutajwa kwa sentensi moja, shuleni hurukwa, na kwenye simu watu hutumiana picha za mwezi mwekundu ambazo hazihusiani nayo hata kidogo. Mimi naona imeonewa. Kupatwa kwa mwezi kote tunakokujua, hata kule kwekundu kunakowatoa watu nje na watoto wao, kumepangwa katika koo ndefu, na kila ukoo huanzia na kuishia katika kupatwa huku kusikoonekana vizuri. Anayetaka kuelewa wanafalaki wanajuaje tarehe na dakika miaka mingi kabla, hapa ndipo pa kuanzia.

Jua si nukta. Ni duara pana la mwanga. Kwa sababu hiyo dunia, ikilikinga, hutupa vivuli viwili. Ndani kuna kivuli kizito, ambako ukisimama hulioni jua hata chembe. Kukizunguka kuna kivuli chepesi, ambacho wanafalaki hukiita penumbra: ukiwa humo unaliona jua likiwa limemegwa, pengine robo yake, pengine limebaki ukucha tu. Mwezi ukipita kwenye kivuli kizito, unatiwa giza na kugeuka mwekundu. Ukipita kwenye kivuli chepesi peke yake, mwanga unaoufikia unapungua lakini haukatiki, na sisi huku chini tunauona bado uking'aa.

Vipimo vyenyewe vinaeleza mengi. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka kwetu. Kwa umbali huo kivuli kizito kina upana wa kilomita 9,200 hivi, na kivuli chepesi, ukipima kutoka ukingo hadi ukingo, kina 16,300 hivi. Toa, kisha gawa kwa mbili: ukanda mwepesi unaokizunguka kile kizito una upana wa kilomita 3,550. Kipenyo cha mwezi ni kilomita 3,475. Ukanda unautosha mwezi kwa kubana sana, na kuna sababu: upana wake unatokana na jinsi jua linavyoonekana kubwa angani, na machoni petu jua na mwezi vinakaribia kulingana. Ndiyo maana ni nadra mwezi mzima kuingia kwenye kivuli chepesi bila kugusa kile kizito. Ilitokea usiku wa Machi 14 kuamkia 15, 2006, na Kigali ilikuwa upande wa dunia ulioutazama mwezi. Haitatokea tena hadi Agosti 29, 2053.

Wanafalaki Fred Espenak na Jean Meeus walihesabu matukio yote ya kupatwa kwa mwezi kuanzia mwaka 2000 K.K. hadi mwaka 3000 wakapata 12,064. Kati yake 4,378 ni ya kivuli chepesi tu, 4,207 ni ya sehemu, na 3,479 ni kamili. Hiyo aina inayodharauliwa ndiyo yenye idadi kubwa kuliko nyingine.

Je, inaonekana? Inategemea mwezi umeingia kiasi gani. Kipimo kinachotumika ni sehemu ya kipenyo cha mwezi iliyofunikwa na kivuli chepesi. Ikiwa ni chini ya 0.6, jicho haliambulii kitu. Ikifika 0.7 au zaidi, mtu mwenye subira ataona upande mmoja wa duara umefifia na kuingia ukijivu, hasa karibu na dakika ya kilele. Kigali imepata mifano mizuri ya pande zote mbili. Januari 10, 2020 kipimo kilikuwa 0.90, kilele saa 3:10 usiku. Juni 5 mwaka huohuo, wakati wa amri ya kutotoka usiku kwa sababu ya korona, kilikuwa 0.57, kilele saa 3:25. Hata mtaalamu asiye na kamera asingeweza kuapa ameona. Mei 5, 2023 kilifika 0.96, mwezi ukichomoza jioni ukiwa tayari kivulini. Ule wa Februari 2027 ni 0.93.

Sasa tuje kwenye mizunguko. Njia ya mwezi imeinama digrii 5 hivi kulinganisha na njia ya jua angani, ndiyo maana hatupati kupatwa kila mwezi mpevu. Njia hizo mbili hukatizana mahali pawili, na jua hupita kwenye mojawapo ya makutano hayo kila baada ya siku 173 hivi. Huo ndio msimu wa kupatwa, na hudumu mwezi mmoja na siku chache. Mwezi mpevu ukiangukia katikati ya msimu, kupatwa huwa kamili. Ukiangukia mwanzoni kabisa, mwingine utapata nafasi ya kuingia mwishoni, na yote miwili itakuwa pembezoni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020: Juni 5 mwezi ulipita kivuli chepesi, Juni 21 jua lilipatwa kipete kwenye njia iliyoanzia Jamhuri ya Kongo, ikapita kaskazini mwa Kongo ya Kinshasa hadi Sudan Kusini na Ethiopia, huku Kigali ikiona jua lililomegwa asubuhi, na Julai 5 mwezi uliokuwa ukitua ulipita tena kivuli chepesi, mara hii kwa kipimo cha 0.36 tu. Kupatwa kwa jua katikati, na mbili hafifu za mwezi kushoto na kulia.

Kurudi kwa misimu kunasema tu kwamba kitu kitatokea. Kinachosema kitu gani kitatokea ni mzunguko wa Sarosi, nao unategemea sadfa ya namba ambayo mpaka leo inanistaajabisha. Kutoka mwezi mpevu hadi mpevu ni siku 29.5306. Kutoka mwezi unapokatiza njia ya jua hadi unaporudi palepale ni siku 27.2122. Kutoka unapotukaribia zaidi hadi unapotukaribia tena ni siku 27.5546. Namba tatu zisizohusiana. Lakini chukua miezi 223 ya aina ya kwanza: siku 6,585.32. Chukua 242 ya pili: siku 6,585.36. Chukua 239 ya tatu: siku 6,585.54. Zote tatu zinakutana ndani ya saa chache tu. Baada ya miaka 18, siku 11 na saa 8, mwezi ni mpevu tena, uko pale pale karibu na makutano, na umbali wake na sisi ni uleule. Kupatwa hujirudia kukiwa na sura ileile karibu kabisa.

Waandishi wa Babeli walilijua hili bila darubini. Walichonga kumbukumbu za kupatwa kwenye vibao vya udongo kuanzia karne ya 8 K.K., na vibao vingi vyao sasa viko Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Kuna jambo moja ndani yake ambalo halitajwi vya kutosha: waliandika pia nyakati ambazo walitarajia kupatwa na hakukuonekana. Baadhi ya nyakati hizo mwezi ulipita kwenye kivuli chepesi, mahali ambapo macho hayafiki. Kwa kuandika kile ambacho hakikuonekana, waliacha mzunguko wao bila mapengo. Wagiriki wakaupokea, na mtambo wa shaba uliopatikana mwaka 1901 katika meli iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera una duara la kuzunguka lenye vyumba 223, kila mwezi na chumba chake. Jina la Sarosi lilipewa mzunguko huu na Edmond Halley mwaka 1691.

Kumbukumbu za watu wetu zimeshika yale yaliyotia giza. Pale Biharwe, karibu na Mbarara kusini magharibi mwa Uganda, kuna mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua kunakohesabiwa kuwa kwa Aprili 17, 1520, ambako masimulizi yanakuhusisha na vita kati ya Bunyoro na Nkore na ng'ombe walioachwa na jeshi lililotishika. Tarehe hiyo imewasaidia wanahistoria kupanga vizazi vya wafalme. Kupatwa kwa kivuli chepesi hakuachi kumbukumbu kama hiyo kwa mtu yeyote, mahali popote.

Sasa hizo koo. Angalia tena zile siku 6,585.32 na 6,585.36. Hazilingani kabisa. Tofauti ndogo ile inamaanisha kwamba kila Sarosi ikipita, mwezi mpevu husogea karibu nusu digrii kutoka pale ulipokuwa kwenye makutano. Mlango wa kupatwa una upana wa digrii 17 hivi kila upande wa makutano, yaani 34 kwa jumla. Gawa 34 kwa karibu nusu: unapata zaidi kidogo ya 70. Ndiyo idadi ya wana wa ukoo mmoja, 70 hadi 80 na kitu, kwa muda wa karne 12 hadi 15. Mwana wa kwanza hugusa ukingo wa nje wa kivuli chepesi. Wanaofuata huingia ndani zaidi, mpaka mmoja aguse kivuli kizito, kisha wanakuja wale wekundu kwa karne kadhaa, kisha ukoo unatokea upande wa pili ukipungua mpaka unakwisha. Wakati wowote kuna koo 40 hivi zinazoishi kwa pamoja.

Mwaka 2020 Kigali ilipata ukoo unaokaribia kufa na ukoo mpya ndani ya mwezi mmoja. Kupatwa kwa Juni 5 ni kwa Sarosi 111, ukoo mkongwe ulioanza mwaka 830 na ambao uko katika siku zake za mwisho. Kupatwa kwa Julai 5 ni kwa Sarosi 149, ambao ulizaliwa Juni 13, 1984. Huyo alikuwa mwana wake wa tatu tu. Yote miwili ilikuwa hafifu, mmoja kwa uzee na mwingine kwa uchanga, na hakuna picha ambayo ingekuonyesha tofauti. Ni hesabu pekee inayoijua.

Mwaka 2027 utakuwa na jambo kubwa zaidi la aina hiyo. Mwaka huo mwezi utapatwa mara tatu, zote kwenye kivuli chepesi. Ya pili itakuwa Julai 18, kilele saa 12:03 jioni kwa saa za Kigali, mwezi ukiwa ndio kwanza unachomoza nyuma ya vilima vya mashariki. Kipimo chake ni 0.0014. Kati ya kilomita 3,475 za kipenyo cha mwezi, kivuli kitaingia kilomita 5 hivi, na kwa dakika 12 tu. Kwa kupatwa huko Sarosi 110 inakufa, baada ya wana 72, ikiwa imeanza Mei 28, 747. Siku 15 baadaye, Agosti 2, jua litapatwa kabisa kutoka Hispania na Morocco hadi Luxor, Saudi Arabia, Yemen na Somalia, na dunia nzima itazungumza juu ya hilo. Sidhani kama kuna atakayetaja ukoo wa miaka 1,280 uliofungwa jioni ile.

Hapa pia panaonekana mipaka ya hesabu zetu. Ukingo wa kivuli cha dunia hauko wazi, kwa sababu hewa inayotuzunguka inakipanua kidogo, na wataalamu hawakubaliani ni kwa kiasi gani. Njia moja ya zamani inaongeza kivuli kwa sehemu moja ya hamsini. Njia iliyopendekezwa na Mfaransa Danjon inaongeza kidogo zaidi ya nusu ya hiyo. Kwa kupatwa kwa kawaida tofauti hiyo haisumbui. Lakini mwishoni mwa ukoo inaamua kama tukio lipo au halipo. Agosti 18, 2016 kulikuwa na orodha zilizohesabu kupatwa na nyingine ambazo hazikuona lolote, kila moja kwa kanuni yake, na hakuna jicho lililoweza kuamua. Kwa hiyo mtu akikuambia ukoo una wana 72, mwulize kwa kanuni ipi.

Ukoo wa Februari 2027 ni Sarosi 143, nao bado ni kijana. Ulizaliwa Agosti 18, 1720, na huyu wa 2027 ni mwana wake wa 18. Nitauangalia kwa karibu kwa sababu unaonyesha kile kipande cha saa 8 kinavyofanya kazi. Saa hizo 8 ni theluthi ya siku. Dunia inazunguka theluthi moja, na kupatwa kunahamia magharibi. Ndugu aliyetangulia alikuja Februari 9, 2009, kilele saa 10:38 alasiri ya Kigali, jua likiwaka. Mwezi ulichomoza wakati kivuli kinaondoka. Mwana wa 2027 amesogea hadi usiku wetu wa manane. Baada ya Sarosi tatu, miaka 54 na mwezi mmoja hivi, saa inarudi karibu palepale: Januari 18, 1973 mwezi wa ukoo huu ulipatwa juu ya Rwanda usiku, kama saa 5 na robo. Mzee wa Nyamirambo aliyekuwa kijana mwaka ule huenda alitembea chini yake bila kujua.

Swali la ibada linakuja lenyewe, hasa katika Ramadhani. Je, isaliwe swala ya khusuf? Swala hiyo imefungwa na kuonekana kwa kupatwa, na baadhi ya taasisi kubwa za Kiislamu, Muhammadiyah ya Indonesia ikiwa mfano, zinasema kivuli chepesi hakiingizi swala hiyo kwa sababu macho ya watu wa kawaida hayaoni mwezi umepungua. Msimamo huo naukubali. Unatofautisha vizuri kati ya kinachojulikana kwa hesabu na kinachoshuhudiwa, na matangazo ya kawaida yangefaa kufuata mfano huo. Tangazo linalosema tu "mwezi utapatwa usiku huu" bila kutaja aina na kipimo linawafanya watu wakeshe bure, na wakiona mwezi wa kawaida wanaamini wamedanganywa. Safari ijayo, ikiwa ni kupatwa kamili, hawatatoka.

Kuna jambo jingine lililo zito zaidi. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 mvua kubwa ziliua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda. Mei 4 mafuriko yalifagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, Kivu Kusini, Kongo ya Kinshasa, na waliokufa walikuwa mamia. Mei 5 jioni mwezi ulipatwa. Ni rahisi mtu aliyefiwa kuunganisha matukio yaliyofuatana hivyo, na si mara ya kwanza: jua lilipopatwa Madina Januari 27, 632, siku aliyofariki Ibrahim mwana wa Mtume, watu walisema limepatwa kwa ajili yake, na Mtume mwenyewe akakanusha kwamba jua na mwezi hupatwa kwa kufa au kuzaliwa kwa mtu. Kupatwa kwa Mei 5 kulikuwa kwa mwana wa 24 wa Sarosi 141, ukoo ulioanza Agosti 1608. Tarehe yake ilikuwa kwenye majedwali miongo mingi kabla ya mvua ile. Kinachoniuma ni kwamba mwezi tunaujua kwa dakika, lakini familia zilizolala chini ya mteremko hazikuwa na jedwali la kuwaambia udongo utaporomoka saa ngapi.

Kwa anayetaka kuona usiku ule wa Februari, ni mwisho wa kiangazi kifupi, kabla ya mvua za Machi, na mawingu yanawezekana. Kwa ajili ya kilele, toka nje robo saa kabla ya saa 7, simama mbali na taa za barabarani, elekea kaskazini na uinue kichwa juu sana. Mwezi utakuwa karibu na nyota ya Regulus, na nyota nyekundu yenye kung'aa jirani yake itakuwa Mirihi, ambayo siku moja kabla itakuwa imefika upande ulio kinyume kabisa na jua. Mwezi utapita kusini mwa kivuli kizito, kwa hiyo upande wake wa kaskazini, ule wa chini kwako, ndio utakaofifia. Usiutazame kwa dakika moja ukaridhika. Utazame saa 5, utazame saa 7:13, kisha tena saa 9 na nusu.

Njia ya uhakika zaidi ni simu. Kamera ya simu hujirekebisha yenyewe na kuficha tofauti yote, kwa hiyo iweke kwenye marekebisho ya mkono, funga kiwango cha mwanga na usikibadilishe usiku kucha. Piga picha moja kabla ya saa 5, moja wakati wa kilele, moja kivuli kikishaondoka, kisha ziweke tatu pamoja. Wanafunzi wa shule yoyote ya Kigali wanaweza kufanya hivyo bila darubini wala bajeti, na wakipima ung'avu wa ukingo wa kaskazini kwenye picha hizo watakuwa wamepima kivuli ambacho Wababeli walikikisia bila kukiona.

Ndugu wa 19 wa ukoo huu atakuja Machi 3, 2045, saa 3 na dakika 42 asubuhi ya Kigali, mwezi ukiwa chini ya upeo. Wa 20, Machi 14, 2063, atagusa kivuli kizito kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo, mwezi ukichomoza jioni. Wa 21 atakuja Machi 25, 2081, baada ya saa 8 usiku, juu ya jiji hili hili, akiwa na doa jeusi ukingoni ambalo watakaokuwepo wataliona bila kuelekezwa na mtu.